Kiamuzi cha Mtukufu

Palikuwa na nchi ambayo sitaitaja jina. Si kwa woga, ila kwa sababu ilikuwa na majina mengi na kila sherehe iliongezewa jingine. Mtawala wake tulimwita Mtukufu. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini lilipigwa marufuku, kwa kuwa lilimkumbusha mtu kwamba Mtukufu naye alizaliwa.

Mimi nasimulia tu yaliyotokea. Msomaji akiona nchi hii inafanana na moja anayoijua, namsihi asiseme kwa sauti.

Mambo yalianza Mtukufu aliporudi safarini. Alikuwa amealikwa kwenye kongamano la wataalamu wa hesabu, nasikia kwa makosa ya posta, na huko alisinzia kwa heshima kubwa katika kiti cha mbele kabisa. Alizinduka mara moja tu, pale msemaji alipotamka: "Chukua mraba, ujaze moja na sifuri. Ipo namba inayoamua kama mraba huo una nguvu au hauna. Namba hiyo ndiyo kiamuzi." Mtukufu akapiga makofi, akarudi usingizini. Lakini neno "inayoamua" alirudi nalo nyumbani.

Aliposhuka kwenye ndege, hata ngoma hazijatulia, alimshika bega Waziri wa Hesabu za Watu, Mheshimiwa Sifaeli Makeke.

"Makeke, kumbe wenzetu hawahangaiki kuwachunguza watu. Wana mraba."

"Ndilo nililokuwa nataka kukushauri, Mtukufu," akasema Waziri, ambaye ndiyo kwanza alikuwa analisikia.

Jioni hiyohiyo Waziri akapanda redioni. "Ndugu wananchi! Zimepita zama za giza, zama za kumjua mtu kwa kuuliza jirani zake! Sasa tutajuana kisayansi! Kila kaya itatoa watu watatu. Kila mtu ataulizwa maswali matatu. Akijibu ndiyo, ataandikiwa moja. Akijibu hapana, ataandikiwa sifuri. Tatu mara tatu ni ngapi, ndugu wananchi? Ni tisa! Mraba huo wa tisa utachorwa mlangoni kwake, na kiamuzi chake kitaamua!"

Maswali yenyewe aliyatunga Mtukufu kwa mkono wake. La kwanza: Je, unashiba? La pili: Je, unasikia? La tatu: Je, unanyamaza?

Sisi tuliyaona mepesi sana. Nani angekosa?

*

Baada ya kutangaza, Waziri alikumbuka kwamba hakuna mtu wizarani aliyejua kiamuzi hupatikanaje. Akaagiza aitwe Dokta Zawena Kipingu, mwalimu wa hesabu wa Chuo Kikuu. Dokta Zawena alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye tabia moja mbaya: ukimwuliza jambo, alikujibu lilelile ulilomwuliza.

"Ni rahisi, Mheshimiwa," alisema. "Unazidisha kwa mishazari, hii unajumlisha, ile unatoa. Ila kuna mambo mawili ya kuangalia. Safu mbili zikifanana, yaani watu wawili wa kaya moja wakijibu sawasawa, kiamuzi ni sifuri. Na mkibadilisha safu mbili nafasi, namba inageuka alama: chanya inakuwa hasi, hasi inakuwa chanya."

"Sawa, sawa, hayo ni mambo ya kitaalamu," alisema Waziri akitazama saa. "Mwenye sifuri tumfanye nini?"

"Kwa nini mumfanye kitu?"

Waziri alimcheka kwa huruma. Palepale akatunga utaratibu. Kaya chanya ingepewa maji ya bomba na sukari. Kaya hasi ingepewa askari wa kukaa nayo, wa kula na kulala. Na kaya sifuri ingeitwa Kaya Batili, ipakiwe kwenye lori, ipelekwe Bonde la Magadi, mahali ambapo hata mbuzi hufika kwa kupotea njia.

Dokta Zawena alirudi nyumbani Mtaa wa Makopa mbio. Alikuwa akiishi na baba yake, Mzee Ausi, mkuu wa stesheni mstaafu aliyekuwa na miguu ya kuvimba, pamoja na shangazi yake Mwantumu.

"Baba, shangazi, nisikilizeni," alisema kabla hajakaa. "Wakija hao watu, msijibu sawa. Kila mtu aseme kweli yake."

"Kweli ipi?" aliuliza Mzee Ausi.

"Unashiba, baba?"

Mzee alitazama dirishani. "Tangu nizaliwe sijawahi kuiambia serikali hapana. Treni ilikuwa ikichelewa siku nzima, nikiulizwa kama imefika kwa wakati, nasema ndiyo. Ndivyo nilivyofika kustaafu."

Wahesabuji walipokuja na rangi na brashi, Mzee Ausi alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Shangazi Mwantumu akamtazama kaka yake, naye akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Dokta Zawena alisema hashibi, lakini haikusaidia kitu. Safu mbili zilikwishafanana. Wakachora mraba mlangoni na chini yake sifuri nene, na yule mwanamke aliyewafundisha hesabu hiyo akabaki ameshika fremu ya mlango.

*

Mtaa mzima ulikuwa hivyohivyo. Watu walijibu ndiyo kwa sauti, wengine wakisimama na kupiga saluti, na kila mlango ukapata sifuri yake. Ndoa zilizokuwa mfano wa mapatano zilipata sifuri. Familia ya kwaya, walioimba majibu yao kwa pamoja, ilipata sifuri.

Kaya chache zilizopata hasi zilivumbua ujanja. Kila aliyeulizwa alikalia kigoda chake kwa mpangilio wa safu; wawili wakibadilishana vigoda na kuulizwa tena, namba inakuwa chanya. Nilimwona kwa macho yangu mzee mmoja mkali akimwachia mama mkwe kiti chake cha enzi ili aondokewe na askari aliyekuwa akimmalizia mchuzi. Askari aliondoka. Mama mkwe hajaondoka kitini mpaka leo.

Kaya moja tu ya Mtaa wa Makopa iliwashangaza wahesabuji: ya Chikoti kinyozi. Chikoti mwenyewe aliketi kigoda cha kwanza. Cha pili aliketi mama yake, Bi Sinawe. Cha tatu aliketi mkewe, Mashavu.

"Je, unashiba?"

"Sishibi," alisema Chikoti. "Mkate wa serikali siku hizi ukiumega unabaki na harufu mkononi. Ila nasikia, na kunyamaza nanyamaza, nimeoa."

Wakamgeukia Bi Sinawe. "Je, unasikia?"

"Eeh?"

"Bibi, unasikia?"

"Nimeshakula, mwanangu, ahsante."

Wakaandika: anashiba, hasikii, ananyamaza. Alipofikiwa Mashavu, hakungoja swali. Aliwaambia kushiba anashiba kwa kuwa yeye ndiye mpishi, kusikia anasikia hata yale ya wizarani, na kuhusu kunyamaza, wamwambie huyo aliyetunga swali aje amnyamazishe mwenyewe. Wahesabuji wakaandika sifuri huku wakirudi kinyumenyume.

Hesabu ilipotoka, ilikuwa mbili. Chanya mbili! Hapakuwa na kaya nyingine nchini yenye namba hiyo. Redio ikatangaza kwamba Chikoti na wenzake ni Kaya ya Mfano, na wataalikwa Ikulu kupewa nishani.

Ndipo Mtukufu aliposikia, akauliza swali ambalo Waziri Makeke alikuwa akiliomba Mungu lisiulizwe.

"Na sisi tuna ngapi?"

*

Ikulu ilikuwa na watu watatu: Mtukufu; mkewe, Bi Asteria, Mama wa Taifa; na mtoto wao, mwanamume wa makamo aliyekuwa Jenerali tangu sekondari. Wote watatu walikuwa wamejaziwa ndiyo kwa kila swali, siku ya kwanza kabisa, kama mfano kwa taifa. Waziri alikuwa amekokotoa, akakokotoa tena, kisha akaificha karatasi ndani ya soksi.

Alimwita Dokta Zawena ofisini, akafunga mlango.

"Dokta, Mtukufu ana moja zote tisa. Hana upungufu wowote. Inawezekanaje awe sifuri?"

"Kwa sababu hana upungufu wowote, Mheshimiwa. Safu zake zinafanana. Mraba wenye moja zote na mraba wenye sifuri zote, viamuzi vyao ni sawa."

"Usirudie maneno hayo." Waziri alijifuta jasho. "Mtukufu anataka kumi. Nimembembeleza tushuke mpaka tatu, alimradi ampite kinyozi. Nipe mraba wa tatu."

"Hakuna."

"Hakuna mwaka huu, au hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa. Miraba ya namna hii yote ni mia tano na kumi na miwili. Nimeipitia. Mia tatu thelathini na nane ni sifuri. Mingi ya iliyobaki ni moja au hasi moja. Sita tu ndiyo inafika mbili: mitatu chanya, mitatu hasi. Juu ya hapo hakuna mraba."

Waziri alifikiri kwa nguvu mpaka mishipa ikamtoka. "Na tukiandika moja ya Mtukufu kwa wino mzito? Haiwezekani moja yake iwe sawa na moja ya kinyozi."

"Moja nzito ni moja, Mheshimiwa."

Hapo Waziri akashusha sauti, akawa karibu mtu wa kawaida. "Zawena, sikiliza. Malori yanaanza na Mtaa wa Makopa. Najua una mzee mwenye miguu mibovu. Simama redioni, useme Mtukufu ana tatu, na mzee wako atakufa kitandani kwake, si magadini. Nani atakagua? Wewe peke yako ndiye unayejua."

Dokta Zawena aliniambia baadaye kwamba tatu ilimjia hadi mdomoni, akaionja. Aliiona miguu ya baba yake, aliiona ile barabara ya magadi. Kisha akasema, "Siwezi, Mheshimiwa. Leo nikisema tatu, kesho mtaniuliza nne, na baba yangu atakuwa mikononi mwenu kila siku. Ila mbili naweza kukupa, na ni ya kweli. Mtukufu na familia yake wajibu kama alivyojibu kinyozi na familia yake. Kila mmoja akubali kukosa kitu kimoja, na wasikose kitu kilekile."

"Mtukufu akose kitu?" Waziri alishika meza. "Hadharani?"

"Kimoja tu."

*

Mtukufu alinung'unika, lakini kuwa sawa na kinyozi kulikuwa bora kuliko kuwa sifuri. Kukawa na kikao cha familia cha kugawana upungufu. Waziri alikuwapo, na alichosikia kilivuja kabla chai haijapoa.

"Mimi nachukua la kunyamaza," alisema Mtukufu. "Sinyamazi. Hata hotuba zangu zinathibitisha."

"Hilo ni langu," alisema Bi Asteria. "Miaka yote ya ndoa hii mimi ndiye nisiyenyamaza, na wewe ni shahidi. Usininyang'anye kitu cha pekee nilichonacho."

"Basi nachukua la kusikia."

Jenerali alikuwa akitazama kucha zake. Baba yake alimwita mara kadhaa, hakugeuka.

"Hilo ni la mwanao," alisema Bi Asteria. "Unaona mwenyewe."

Likabaki la kushiba. Mtukufu alitazama tumbo lake lililotulia mapajani, akamtazama Waziri.

"Nitasemaje kwamba sishibi, Makeke? Wataelewaje?"

"Wataelewa kwamba huna kiburi, Mtukufu."

*

Siku ya sherehe ukumbi wa Ikulu ulijaa. Mabalozi walikuja, wanakwaya walikuja, na redio ilirusha kila kitu moja kwa moja. Kaya ya Mfano iliketi mbele: Chikoti akiwa na koti la kuazima, Bi Sinawe na kanga mpya, na Mashavu ambaye alikuwa ameshaanza kuzungumza na mabalozi. Wakati huohuo, kule Mtaa wa Makopa, malori yalikuwa yameshapakia watu na magodoro. Mzee Ausi alikuwa juu ya lori la kwanza, ameketi kwenye kiti chake cha stesheni. Madereva walikuwa wamewasha redio, wakingoja hotuba iishe ndipo waondoke.

Viti vitatu viliwekwa jukwaani kwa itifaki: cha kwanza Mtukufu, cha pili Mama wa Taifa, cha tatu Jenerali. Waziri akasogeza kipaza sauti.

"Mtukufu! Kwa unyenyekevu wa taifa zima, tunauliza: je, unashiba?"

Mtukufu alikohoa. "Mimi," alisema, na sauti yake ikaenda nchi nzima, "sishibi."

Kutoka mstari wa mbele ikasikika sauti ya Bi Sinawe, kubwa kama ilivyo desturi ya wasiosikia: "Kasema nini?"

Mashavu akamwinamia sikioni na kupiga kelele ile aliyozoea kupiga nyumbani. "KASEMA HASHIBI, MAMA!"

"Ala!" alisema Bi Sinawe. "Hilo si tunalijua siku zote?"

Sitasema nani alianza kucheka. Najua tu kwamba balozi mmoja alijificha nyuma ya karatasi yake ya ratiba, kwaya ikaharibika sauti ya kwanza hadi ya nne, na kule kwenye malori watu walicheka mpaka magodoro yakaanguka. Hata madereva walizima injini ili wacheke vizuri.

Waziri aliharakisha maswali yaliyobaki. Bi Asteria alikiri kwamba hanyamazi. Jenerali aliulizwa kama anasikia, hakujibu, na hilo likahesabiwa jibu. Dokta Zawena akaitwa mbele kukokotoa ubaoni. Alizidisha mishazari, akajumlisha, akatoa, kisha akasimama akiutazama ubao.

"Soma, Dokta!" Waziri alimhimiza. "Mbili!"

"Hasi mbili," alisema Dokta Zawena.

"Hasi?"

"Majibu ni yale ya Chikoti, Mheshimiwa, lakini mpangilio wa viti si ule. Kule asiyesikia yuko wa pili na asiyenyamaza yuko wa tatu. Hapa ni kinyume chake. Hakuna kaya nyingine nchini iliyo hasi namna hii."

Askari wawili, kwa mazoea ya kazi, wakasogea wakae na kaya hasi. Mtukufu akawatupia jicho, wakasita.

"Badilisheni viti viwili," alisema Dokta Zawena. "Vyovyote."

"Mama wa Taifa abadilishane na Jenerali," akasema Waziri.

"Mwanangu awe wa pili, mimi wa tatu?" Bi Asteria alimgeukia. "Makeke, hiyo ni hesabu au ni urithi? Sitoki hapa kushuka. Nikitoka, natoka kupanda."

Mtukufu alitazama kipaza sauti, akatazama askari, akatazama lile neno "hasi" ubaoni. "Kwa dakika moja tu," alinong'ona, akainuka. Bi Asteria akaketi kiti cha kwanza, Mtukufu akaketi cha pili. Dokta Zawena akafuta, akakokotoa upya mbele ya watu wote.

"Mbili," alisema. "Chanya."

Makofi yalipigwa mpaka yakaisha. Mtukufu akasimama kando ya kiti chake. "Haya, mama. Inuka."

Bi Asteria alikuwa anapanga mikunjo ya kitenge chake. "Nikiinuka, baba, unakuwa hasi tena."

"Hesabu imeshasomwa!"

"Dokta," Bi Asteria aliuliza, "hesabu ikishasomwa ndiyo imekwisha?"

"Haiishi," alisema Dokta Zawena. "Inamfuata aliyekaa."

"Jenerali!" Mtukufu alifoka. "Mwondoe mama yako!"

Jenerali aliendelea kutazama kucha zake. Wapo wanaosema hakusikia kweli. Wapo wanaosema siku hiyo alisikia kuliko siku zote. Mimi nilikuwa mbali.

Bi Asteria alivuta kipaza sauti karibu. Kwa kuwa alikuwa amejitangaza kuwa hanyamazi, alianza kusema, na aliposema nusu saa tayari alikuwa amemshukuru mumewe kwa utumishi uliotukuka, amemhamishia Waziri Makeke Bonde la Magadi akapange kituo cha kupokea wageni, na amesema malori yashushe watu, kwani hawezi kutawala nchi ambayo imeondoka. Miraba milangoni hakuifuta. Alisema inapendeza.

*

Dokta Zawena alikimbia hadi Mtaa wa Makopa na viatu mkononi. Alikuta watu wanashusha masufuria, watoto wanaruka, shangazi Mwantumu yuko chini anahesabu vyungu. Juu ya lori la kwanza alibaki Mzee Ausi peke yake, ameketi wima kwenye kiti chake cha stesheni.

"Mzee, shuka," alisema dereva. "Ni amri mpya ya Mtukufu. Mtukufu mama."

"Hapana," alisema Mzee Ausi.

Dereva alidhani amesikia vibaya. Shangazi Mwantumu naye alidondosha mfuniko. "Ausi! Dereva amekwambia ni amri!"

"Hapana," alirudia mzee, kama mtu anayejaribu viatu vipya. "Nyumbani kwangu mlinitoa kwa lori, na miguu yangu mnaiona. Nitarudishwa kwa lori. Hadi mlangoni, na kiti changu kishushwe kwanza."

"Baba," aliita Zawena kutoka chini, akihema, hajui acheke au alie. "Nyumba ni ile pale. Hatua chache tu."

"Naiona. Panda, ukae na mimi."

Zawena akapanda. Dereva alimtazama mzee, akatazama nyumba, akatazama tena mzee. Kisha akapanda kwenye usukani, akawasha injini.

"Polepole," Mzee Ausi alimwambia. "Kuna godoro hapa nyuma."